Kilichonaswa Kinakwenda Wapi?

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu mlioketi mbele, kina mama, wanafunzi mliokuja na mikoba yenu moja kwa moja kutoka darasani, na ndugu zangu wavuvi ambao saa hizi mngeweza kuwa majini: ahsanteni kwa kuja.

Kabla ya maneno kuna kazi ndogo. Juu ya meza hii mna chupa tatu. Ya kwanza ina maji yaliyokenekwa, yale ambayo mafundi huongezea kwenye betri za magari. Ya pili nimeichota leo asubuhi hapa chini, hori la Tudor, hapa kwetu Mombasa, maji yalipokuwa yamekupwa. Ya tatu nimeichota kwenye mtaro unaoteremka kati ya nyumba zetu mpaka horini. Yote nimeyachuja kwa karatasi, na mkiyatazama kutoka huko mlikoketi hamtaona tofauti. Huyu kijana atanisaidia kutia dawa kidogo katika kila chupa. Ni chumvi ya metali iitwayo molibdeni, asidi, antimoni chembe, na vitamini C. Glavu usivue, mwanangu. Haya. Tuziache hapo, zina shughuli yao, nasi tuzungumze.

Mimi nimezaliwa Tudor. Tulipokuwa watoto tukioga horini, na nyanya yangu akitutuma kaa na chaza kama mtu anavyotuma chumvi dukani. Baadaye nikaingia kazi ya maabara ya maji, nikaanza kupima maji yale yale niliyoogelea. Kwa hiyo nikizungumzia uchafu wa maji sizungumzii habari za kusoma tu. Hata hivyo leo sikuja kulalamika. Nimekuja kuwaeleza vitu vidogo sana ambavyo wanakemia wanavitengeneza ili kunasa sumu zilizomo katika maji taka, na swali moja ambalo nataka mwende nalo nyumbani.

Vitu hivyo jina lao ni polioksometaleti. Jina ni refu, umbo lake ni rahisi kulielewa. Ni vishada vya metali na oksijeni: atomu za metali kama tangsteni, molibdeni au vanadi zimeshikamana kwa mikono ya oksijeni mpaka zikawa kitu kimoja chenye umbo maalumu. Kishada kimoja kina upana wa kama nanomita moja. Kwenye upana wa unywele mmoja wa kichwa chako unaweza kupanga vishada 50,000 na zaidi, kimoja baada ya kingine, na nafasi bado ikabaki.

Mwaka 1826 mwanakemia wa Sweden, Berzelius, alichanganya molibdeni na fosfati, yaani fosforasi iliyoshikana na oksijeni, akaona unga wa manjano umetuama. Alichokitengeneza alikijua, namna kilivyojengeka ndani hakuijua. Ikapita zaidi ya miaka 100. Ilikuwa mwaka 1933 ambapo Keggin, kijana aliyekuwa akifanya utafiti Manchester, Uingereza, alitumia miale ya eksirei kutazama jamaa ya unga ule, wa tangsteni, akauonyesha ulimwengu umbo lake. Na umbo lenyewe sisi watu wa pwani tunalijua vizuri. Fikirieni sinia la pilau katika harusi, kubwa sawasawa. Katikati pale kwenye nyama ameketi fosfati. Kulizunguka sinia wameketi watu 12, wamejipanga watatu watatu, pande nne. Kila mmoja ni atomu ya metali, na mikono yao ni oksijeni, 40 jumla, mingine wameshikana wao kwa wao, mingine wamemshika fosfati, mingine imeelekea nje. Hicho ndicho kishada cha Keggin. Na katika chupa zile pale mezani, kama mna fosfati, sasa hivi molibdeni inakaribishana kuketi.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya nikipende kitu hiki. Mtu mmoja akiinuka kwenye sinia, pengo linabaki. Wanakemia wanajua namna ya kumwinua mmoja kwa makusudi, wakabaki 11. Pengo lile limezungukwa na oksijeni zenye njaa ya metali. Ikipita risasi ndani ya maji (nasema ile metali nzito ya kwenye betri, si ya bunduki) inavutwa, inaketi pale pale penye pengo, inashikwa. Shaba vilevile, nikeli vilevile.

Kwa nini naanza na risasi, nikaacha mambo mengine mengi? Kwa sababu mimi ni mtu wa Mombasa. Owino Uhuru, kule Mikindani, si mbali na hapa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikaa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, na watoto wakapatikana na risasi katika damu. Mama mmoja, Phyllis Omido, alisimama na wanakijiji mpaka dunia ikamsikia. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi hapa Mombasa iliamua wanakijiji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo ulikuja kupinduliwa katika rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Katika maji ya kunywa mpaka wake ni mikrogramu 10 kwa lita. Mikrogramu 10 hamzioni, hamzionji, wala kuchemsha maji hakuziondoi. Mkichemsha, maji yanapungua, risasi inabaki pale pale katika sufuria.

Basi mtu akiniambia amepata kitu chenye pengo la ukubwa wa risasi, mimi nitamsikiliza.

Mwaka 2017 watafiti wa Hispania na Ujerumani walichapisha kazi ambayo binafsi nimeisoma zaidi ya mara tatu. Walichukua vishada vya tangsteni vyenye pengo, wakavioanisha na chumvi nzito yenye mikia mirefu ya mafuta, wakapata kitu kama asali nzito isiyoyeyuka majini. Asali ile wakaipaka juu ya chembe za silika, na silika ni ndugu wa mchanga. Maji machafu yakapitishwa humo. Pengo likanasa metali. Mikia ya mafuta ikavuta rangi. Na ile chumvi yenyewe ni adui wa bakteria, kwa hiyo nao wakapungua. Vichujio vingi nilivyowahi kutumia vina kazi moja, pengine mbili. Hiki kilifanya tatu kwa mara moja. Mwaka 2020 wakaongeza kiini cha oksidi ya chuma ndani ya kila chembe, ili baada ya kazi uisogeze sumaku ukutani mwa chombo na chembe zote zije upande mmoja, zikiwa zimebeba mpaka vipande vidogo sana vya plastiki.

Kuna njia ya pili ya kuvitumia vishada hivi, nayo ni mwanga. Vikipigwa na miale ya urujuanimno, ile nuru ya jua tusiyoiona kwa macho, vinakuwa na uchu wa elektroni. Vinamnyang'anya aliye karibu, au vinayachokoza maji mpaka yatoe radikali za haidroksili, yaani vipande vikali vya molekuli za maji, ambazo haziishi hata kufumba na kufumbua lakini zinachokigusa zinakivunja. Njia hii ni ya uchafu wenye kaboni: rangi, viuatilifu, dawa za hospitali. Mtu akimeza amoksilini, sehemu kubwa yake hutoka kwenye mkojo ikiwa bado ni dawa. Mtambo wa kawaida wa maji taka ulijengwa kwa ajili ya kinyesi na mabaki ya chakula, haukujengwa kukimbizana na amoksilini. Na kina mama, msicheke, hata piko, ile rangi nyeusi tunayojipamba nayo harusini, ikioshwa inashuka na maji ya bafuni, nayo ni kemikali.

Hapa jua letu linatusaidia, ila tusijidanganye. Mombasa jua tunalo tele, lakini katika nuru yote inayotufikia, urujuanimno ni kama sehemu 5 katika 100, na vishada vingi vinakula humo humo tu. Kwa sababu hiyo watafiti wengi wanahangaika kuvifanya vikubali na nuru ya kawaida inayoonekana.

Na nyinyi wanafunzi, hili liandikeni. Katika maabara nyingi majaribio hufanywa kwa rangi ya buluu ya methilini, kwa sababu kila mtu anaiona inapofifia. Unatia rangi, unatia kichocheo, unawasha taa, baada ya saa moja maji ni meupe, watu wanapiga makofi. Rangi kutoweka si maji kutakata! Molekuli imekatwa pale ilipokuwa na rangi, vipande vyake vinaweza kuwa vingali humo, na kipande wakati mwingine ni kibaya kuliko mama yake. Pimeni kaboni iliyobaki. Pimeni mpaka mwisho, ndipo mje mtuambie.

Niwasimulie kisa. Miaka kadhaa nyuma, mtaa niliokuwa nikiishi, alikuja mtu na pakiti za unga mweupe. Alisimama barazani, akateka ndoo ya maji machafu ya mtaroni, akatia kijiko kimoja, akakoroga. Baada ya muda uchafu wote ukatuama chini, juu maji yakawa kama kioo. Watu walishangaa, wengine wakatoa pesa pale pale. Nami nilifurahi, nasema kweli, kwa sababu ule unga ulifanya kazi. Kisha akayamimina maji safi katika ndoo nyingine, akachukua lile tope la chini, akalimwaga mtaroni. Mtaro ule ule. Nikamuuliza, "Ndugu yangu, mbona umelirudisha?" Akaniambia mvua itakuja ilichukue. Mvua italipeleka wapi? Horini. Kwa kaa, kwa dagaa, kwenye mizizi ya mikoko ambako samaki wanakwenda kulea watoto wao.

Sikulala vizuri siku ile. Nilijiuliza ni mara ngapi mimi mwenyewe, na koti langu jeupe, nimepima maji yakawa safi nikaridhika, nisiulize habari ya kile kilichobaki kwenye kichujio.

Kwa hiyo swali ninalotaka mwende nalo ndilo hili: kilichonaswa kinakwenda wapi? Awe muuza unga, awe mwekezaji mwenye mtambo wa mamilioni, awe profesa mwenye kishada cha atomu 12 za metali, muulizeni. Dawa na rangi unaweza kuzivunja zikaishia kuwa maji na hewa ya kaboni. Risasi haivunjiki. Haiozi, haiungui ikaisha. Ukiinasa majini umeihamisha tu, kutoka lita elfu kwenda kwenye kiganja cha unga, na kiganja kile sasa ni sumu kali kuliko maji ya mwanzo. Owino Uhuru ndivyo ilivyokuwa. Betri ziliondolewa mitaani kwa jina la kutumia tena vitu vilivyochakaa, jambo jema kabisa, na risasi yake ikahamia kwa watu.

Swali lenyewe lina upande wa pili, na huu ndio unaowanyima usingizi wanakemia wenyewe: mnasaji naye anakwenda wapi? Polioksometaleti nyingi huyeyuka majini kama sukari. Ukizitia hivi hivi katika maji taka zitafanya kazi, halafu zitaondoka na maji, na tangsteni au vanadi yake, na vanadi nayo ni sumu. Lazima zifungwe kwenye kitu kisichoondoka. Isitoshe, kile kishada cha Keggin cha fosfati na tangsteni kinapenda asidi kali. Kwenye maji yasiyo na asidi kinafumuka, watu wanainuka siniani mmoja mmoja. Sasa tazameni mji wetu. Tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe, chokaa tupu, na bahari inaingia pande zote. Maji ya bahari yana chumvi ya kama gramu 35 kwa lita, na yamekaa upande wa ualkali. Visima vyetu kisiwani vina chumvi, na kwenye bamvua maji yanapanda mitaro. Kichujio kilichosifiwa katika maji safi ya maabara ya Ulaya kikifika hapa kitakuta sodiamu na kalsiamu kwa mamilioni, zote zinagombea mlango ule ule wa risasi.

Ninyi wanafunzi msivunjike moyo kwa hilo. Mimi naliona kuwa ndiyo kazi yenu hasa. Yule aliye mbali na bahari hawezi kuujaribu mtaro wa Tudor, na ninyi mnaweza kufika kwa miguu. Na vya kufungia vishada tunavyo hapa hapa. Vifuu vya nazi tunavyochomea moto hutengenezwa kaboni ya kuchujia maji inayosifika duniani kote, nayo kaboni inavishika vishada vya Keggin kwa nguvu ya ajabu. Maganda ya kamba yanayotupwa nyuma ya mahoteli yana kitu ambacho kikipikwa kwa magadi makali hugeuka kitosani. Kitosani katika maji yenye asidi kidogo hubeba chaji chanya, na vishada hubeba chaji hasi, basi vinakumbatiana. Jaribuni. Jaribuni kwa maji ya mtaro yenyewe, na mkipata matokeo mabaya yaandikeni vilevile, yana faida kwa mwenzenu anayekuja nyuma.

Mzee mmoja ameniuliza mlangoni kabla sijaingia: haya yote yatatutoa kwenye shida ya vyoo? Hapana, mzee wangu. Mji huu ulivyo, mabomba ya maji taka yako sehemu ya kisiwa na sehemu za bara ya magharibi, ambako kuna mtambo wa Kipevu. Ukivuka Nyali au Likoni, watu wanategemea mashimo na matangi ya septiki, na mwamba wa matumbawe una matundu, kinachoingia shimoni kwa jirani kinaweza kutokea kisimani kwako. Kishada hakichimbi mtaro wala hakilazi bomba. Kazi yake ni ya mwisho kabisa: baada ya uchafu mkubwa kutuama, baada ya bakteria wema kula sehemu yao, kinabaki kile kidogo kisichoonekana. Hapo ndipo pake. Anayewaambia ataanza na hapo, aulizwe bomba liko wapi.

Lakini kuna mahali ambapo hatuhitaji kungoja mji mzima upate mabomba. Gereji inayomwaga asidi ya betri. Karakana ya kupaka metali. Kiwanda cha kutia nguo rangi. Maji yao hayajachanganyika bado na ya watu wengine, ni machache, sumu yake inajulikana jina. Kunasa pale mlangoni ni rahisi mara nyingi kuliko kuja kuitafuta horini. Na kilichonaswa, kwa kuwa ni aina moja, kinaweza kuoshwa kutoka kwenye kichujio kikakusanywa na kurudishwa kwa anayekihitaji, kwa hati na kwa ulinzi, kichujio kikarudi kazini. Hilo ningependa kuliona Mombasa kabla sijazeeka zaidi ya hapa. Gereji moja tu. Mwenye gereji akiwa humu ndani, nitakuja bila kulipwa.

Nadhani dakika zimetosha. Kijana wangu, inua chupa, moja moja, watu waone. Ya kwanza: nyeupe vilevile, hamna fosfati ya kuketi katikati. Ya pili, ya hori: mlioketi nyuma mnaona? Buluu hafifu, kama anga la alfajiri. Inua ya tatu. Naam. Hiyo buluu iliyokolea ni sabuni zetu, ni mkojo wetu, ni vyoo vyetu. Molibdeni imemzunguka fosfati, 12 kwa mmoja, na vitamini C imewapa elektroni ndipo wakapata rangi hiyo. Vishada vyenyewe hivyo, mmevitengeneza ninyi, hapa Tudor, jioni ya leo. Njia hii wanakemia Murphy na Riley waliiandika mwaka 1962, kwa ajili ya maji ya bahari na mengine ya asili, na mpaka leo ndiyo tunayotumia maabara.

Watoto wanaweza kuja kutazama karibu, mmoja mmoja, bila kugusa. Wazee kuna chai na mahamri pale nje.

La, mwanangu, usiimwage kwenye sinki. Mna asidi na antimoni humo. Zifunge vifuniko uniletee zote tatu, nina kopo lake ndani ya gari.